Lori Limefika Kibuye, Masikio Yamebaki Nairobi

Jumapili ni siku ya Kibuye hapa Kisumu. Soko hufurika hadi barabarani, mitumba upande huu, omena upande ule, na muuza dawa ya panya amening'iniza kile kipaza sauti chake kinachorudia maneno yale yale tangu asubuhi. Jumapili moja mwaka jana, katikati ya vurugu hiyo, lori la kituo fulani cha redio kutoka Nairobi liliegeshwa hapo, ubavu mmoja ukashushwa ukawa jukwaa, spika zikapangwa zikampita mtu kimo, jenereta likanguruma. Wiki nzima tulikuwa tumetangaziwa onyesho la muziki na vichekesho, mbashara kutoka Kisumu. Nilienda mapema. Napenda redio kuliko inavyonipasa kukiri mbele za watu.

Mtangazaji alipanda akauliza, "Kisumu mko?" Tukaitika. Akauliza tena, kana kwamba tulikuwa tumeondoka. Kwa saa tano hivi niliona shindano la kukata kiuno, shindano la kumaliza soda bila kupumua, fulana zikirushwa juu ya vichwa vya watu walioumizana kuzidaka, na mchekeshaji mmoja ambaye kazi yake yote ilikuwa kuiga Kiingereza cha Waluo mbele ya Waluo. Kando ya gurudumu la nyuma aliketi mzee aliyealikwa kutoka Seme, nyatiti yake, kile kinubi cha Waluo, ndani ya gunia. Alifika saa nne asubuhi. Saa tisa alasiri akapewa dakika tatu.

Kijana mmoja alimshikia maikrofoni mdomoni. Basi tukasikia sauti ya mzee, na ala yenyewe ikawa kama inapigwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Mimi nilikuwa na simu yenye redio, nikavaa visikizi nijue walio nyumbani wanasikia nini. Walikuwa wanasikia wimbo uliorekodiwa, kutoka studio ya Nairobi. Baadaye mtangazaji aliingia hewani sekunde chache, akasema Kisumu ni moto, kisha likafuata tangazo la sabuni.

Mzee aliposhuka, fulana mpya begani, aliniuliza, "Nyathina," yaani mwanangu, "nyumbani wamesikia?"

Nikamwambia wamesikia. Mungu anisamehe.

Lile lori lilikuja na spika, halikuja na maikrofoni. Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, na Kiswahili hakinisaidii, maana tumezoea kuviita vyote viwili kipaza sauti, kile unachosemea na kile kinachokupigia kelele, kana kwamba ni kitu kimoja. Spika huja mjini kuwaambia watu. Maikrofoni huja kuwachukua watu ikawapeleka hadi jikoni kwa mtu wa Ugunja ambaye hakupata nauli ya kuja. Wanaoandaa ziara za redio huku kwetu Magharibi na Nyanza wamewekeza kwenye kitu cha kwanza miaka nenda miaka rudi, halafu wanashangaa kwa nini mji husahau kwamba walikuja.

Sina ugomvi na biashara. Sabuni lazima iuzwe, na mwenye sabuni ana haki ya kukodi lori. Ugomvi wangu uko kwenye jina. Ukiniambia ni onyesho la redio, nategemea redio iwemo.

Mfano ninaoutaka uko mbali kidogo, nchini Marekani. Tarehe 6 Julai 1974, katika ukumbi wa chuo mjini St. Paul, jimbo la Minnesota, mtangazaji aitwaye Garrison Keillor alipanda jukwaani mbele ya watu 12. Kiingilio kilikuwa dola moja kwa mtu mzima na senti 50 kwa mtoto. Kipindi kiliitwa A Prairie Home Companion, na wazo lake alilipata alipokwenda Nashville kuandika habari za Grand Ole Opry, onyesho la muziki la redio linalorushwa tangu 1925. Saa mbili za Jumamosi jioni, kila kitu papo hapo: bendi, kwaya, michezo mifupi ambamo mtu mmoja alitoa kwa mdomo sauti za kwato za farasi na milango inayolia, na hadithi ndefu, kama dakika 20, kuhusu mji mdogo uitwao Lake Wobegon usioonekana kwenye ramani yoyote. Kwa kuwa redio ile haikuchukua matangazo ya biashara ya kawaida, walijitungia wadhamini wao wa uongo, wakiwemo watengenezaji wa biskuti za kuwapa watu wenye haya ujasiri wa kuinuka na kufanya kilicho lazima. Ningelipia kuona kituo chetu kikimtungia mdhamini mzaha wa namna hiyo.

Kipindi kile kilizunguka. Kilikwenda mji baada ya mji, na kila kilipofika kilijifunza mji huo kwanza: mto wake, timu yake, chakula chake, kwaya yake ya kanisani. Lakini kilichonifanya nicheke peke yangu niliposoma habari zake ni jambo dogo zaidi. Wakati wa mapumziko, watu waliokuwa ukumbini waliandika vikaratasi vya salamu kwa jamaa zao walio nyumbani, na mwenye kipindi akarudi hewani akavisoma.

Salamu! Kitu tulichokuwa nacho sisi, na tukakionea haya.

Aliyekua huku wakati wa Sauti ya Kenya, redio ya taifa, au hata baada ya 1989 ilipobadilishwa jina ikawa KBC, haitaji kuelezwa. Mjomba wangu alinunua kadi za salamu dukani kama wengine wanavyonunua sigara. Aliandika majina kwa mwandiko wa kujipinda, akajipa jina la utani ambalo mkewe hakuruhusiwa kulitumia, akasubiri siku na siku hadi mtangazaji alipolisoma. Siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kukohoa. Mtu wa Butere alimsalimu mtu wa Muhoroni ambaye hajawahi kumwona, huyo akamsalimu wa Rongo, wa Rongo akamkumbuka mgonjwa wa Molo. Vikaundwa vilabu vya wasalimu, na wanachama wakaanza kukutana ana kwa ana, wakitambuana kwa majina ya redioni. Wamarekani walihitaji mtunzi mmoja hodari awabunie Lake Wobegon. Sisi mji wetu usiokuwa kwenye ramani ulijibuni wenyewe, kadi moja baada ya nyingine, na ukawa na wakazi wa kweli.

Nao ucheshi ulikuwamo. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alianza Je, Huu ni Ungwana? mwaka wa 1966, na kwa miongo mingi aliwachekesha watu kwa kuwakemea: yule anayekuja kukutembelea saa ya chakula, yule anayesoma gazeti lako kutoka begani mwako ndani ya basi. Malighafi yake ilikuwa mienendo ya wasikilizaji wenyewe. Nyumbani kwetu kila kisa kilizua mzozo, maana kila mtu alijua ni nani wa ukoo anayesemwa.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba hatuna asili ya jambo hili. Tunayo, ila siku hizi inapita kando ya gurudumu la nyuma.

Sasa nije kwenye ufundi, kwa sababu hapa ndipo mengi yanapoharibikia na hapa ndipo watu wasipotazama. Kichekesho cha redio kinahitaji watu watatu: anayesema, anayecheka, na anayewasikia wote wawili. Ile maikrofoni ya mkononi imetengenezwa makusudi ishike sauti iliyo karibu na iache ya mbali. Ndiyo sifa yake. Ukimpa mchekeshaji hiyo peke yake mbele ya watu mia tano, aliye nyumbani anasikia mtu akisema jambo, halafu kimya, halafu anasema jingine, kama mwendawazimu stendi ya basi. Watu mia tano wanacheka hadi machozi, na hewani hakuna hata mmoja. Dawa yake haina siri: maikrofoni mbili au tatu zinaning'inizwa zikiwatazama watu, na fundi mmoja anaketi akiwa na kazi hiyo tu, kuzishusha bendi inapopiga na kuzipandisha mzaha unapotua. Awe ni mtu anayejua kucheka, maana asiyejua kucheka hupandisha akiwa amechelewa.

Na nani aseme hatuna mafundi hao? Mechi ya Mashemeji ikitangazwa redioni, Gor Mahia na AFC Leopards, kelele za mashabiki hukufikia kabla mtangazaji hajavuta pumzi ya kusema goli. Mkutano wa siasa pale Kondele unarushwa hewani mzima mzima, pamoja na filimbi na mtu anayempinga mheshimiwa kutoka juu ya mti. Zamani palihitajika laini ya simu ya waya. Leo data ya simu inatosha, kwa tahadhari ya kuweka laini za kampuni mbili ili moja ikizama nyingine iogelee. Kituo kinachoweza kutuletea goli hakiwezi kudai kwamba kicheko ni kizito kubeba.

Muziki nao una masharti yake, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu nimekula kiapo juu ya ile nyatiti. Nyatiti ina nyuzi nane, lakini ukiweka maikrofoni kwenye nyuzi pekee umeacha nusu ya bendi nje. Mpigaji amevaa njuga, gara, mguuni. Kwenye kidole gumba cha mguu ana pete ya chuma, oduong'o, anayoigonga kwenye ukingo wa ala. Mtu mmoja, ameketi kwenye kigoda, ni mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji. Maikrofoni ya pili lazima iwekwe chini, karibu na mguu. Isukuti, ngoma ya Waluhya wa Isukha na Idakho, ina shida ya kinyume: ngoma tatu na pembe zitapasua ukumbi mdogo, hivyo maikrofoni husogezwa mbali na wapigaji huwekwa karibu na mlango. UNESCO iliiingiza isukuti mwaka wa 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Ulinzi wenyewe tunaouona Kakamega ni kuipigisha wanasiasa wanaposhuka kwenye magari. Gita la omutibo, mtindo wa Waluhya, lile la kina George Mukabi, mdundo wake ni chupa ya soda inayogongwa. Hapo fundi mbaya atadhani ni kelele na kuikata.

Haya mambo hayahitaji lori. Yanahitaji ukumbi wenye paa, viti, na asubuhi nzima ya kujaribu sauti. Kisumu kuna ukumbi unaobeba jina la Mama Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni nchini Kenya, 1969. Nakuru kuna Menengai Social Hall, na kuna ukumbi wa Nakuru Players uliojengwa kwa ajili ya michezo ya kuigiza. Huwezi kuingiza watu elfu kumi humo, na hilo ni jema. Mchekeshaji mbele ya elfu kumi anapiga kelele. Mbele ya mia tatu anaweza kunong'ona, na redio ni chombo cha kunong'ona.

Nimekwisha kumtaja yule aliyeiga Kiingereza cha Waluo. Si mjinga peke yake; nusu ya vichekesho vyetu nchini ni lafudhi. Mluhya na kuku, Mkikuyu na pesa, Mkisii na hasira, Mkamba na mapenzi. Studio ya Nairobi inaruhusu uvivu huo kwa sababu anayeigwa hayupo chumbani. Ziara inamleta safu ya mbele, na mke wake, na anacheka kwa adabu, kama unavyocheka mgeni akikosea jina lako. Daniel Ndambuki, yaani Churchill, alipokitoa kipindi chake cha televisheni nje ya Nairobi alituonyesha kwamba watu wa kaunti watajaza viti kwa ajili ya vichekesho, na hilo namshukuru. Lakini televisheni inarekodi kwanza, inakata, kisha inarusha. Redio mbashara haina mkasi.

Wahenga wetu walikuwa na sheria ya jambo hili, nayo ni utani. Mtani wako anaweza kukutukana hadharani, akakunyang'anya kofia, akachekesha hata msibani kwako, na huna ruhusa ya kununa. Anaipata ruhusa hiyo wapi? Kwa kuwa kaburi litakapochimbwa jembe litakuwa mkononi mwake. Babu anamtania mjukuu kwa kuwa babu ndiye atakayemkinga mtoto na fimbo ya baba. Mchekeshaji anayeingia saa tatu na kuondoka magharibi hana utani na mtu yeyote hapa. Keillor aliwacheka watu wa Minnesota akiwa mtu wa Minnesota. Kila alipokwenda ugenini alibeba aibu za kwao, akaweka hizo mezani kwanza. Sisi tunao mafundi wa kazi hiyo na tunawajua: washereheshaji wa matanga huku Magharibi, wanaoweza kumsema marehemu mbele ya wajane wake na wajane wakacheka wakiwa na leso usoni. Sijawahi kumwona hata mmoja wao akipewa jukwaa la lori.

Nakuru ndiyo mtihani mkubwa kuliko Kisumu. Ule ni mji wa kila mtu, na Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, tuliona maana ya kuwa wa kila mtu pale watu walipoanza kuulizana majina. Baada ya hapo pakaja sheria ya uwiano na utangamano, na mtangazaji mmoja wa redio kutoka Bonde la Ufa alijikuta mbele ya mahakama ya kimataifa ya Hague, kesi iliyofungwa 2016 bila yeye kupatikana na hatia. Kwa hiyo mzaha wa kabila ukisemwa kwenye maikrofoni mjini Nakuru unasikika na watu waliozika. Sitoi amri kwamba mtu asiutamke. Nasema tu kwamba mji huo una vichekesho vyake vilivyoiva na hakuna anayevichuma: ziwa lililopanda likala barabara za mbuga, flamingo wakahama bila kutoa notisi, kiwanda cha pareto ambacho kila mzee anakisimulia kama mpenzi wa zamani, kupewa hadhi ya jiji Desemba 2021 na kuamka kesho yake na vumbi la juzi. Kisumu tuna gugumaji linalojua bandari kuliko manahodha, na tuna reli ya kisasa iliyokata tamaa ilipofika Naivasha. Mpe mcheshi wa hapa hapa haya, umpe na wiki mbili.

Nitaambiwa pesa. Ni kweli, mdhamini hupenda lori kwa sababu vichwa vinahesabika kwa macho, na wasikilizaji wa jikoni hawahesabiki. Lakini kiingilio cha bei ya soda mbili ukumbini kitalipa bendi, na mdhamini anayetajwa kwa mzaha hukumbukwa zaidi ya anayetajwa kwa kelele. Nitaambiwa pia kwamba vijana wako kwenye simu. Waulize wa boda boda wamefunga nini kwenye usukani.

Onyo moja kutoka huko huko Minnesota. Kipindi kile kilijengwa juu ya mtu mmoja. Keillor alipostaafu Julai 2016, mpiga mandolini Chris Thile akakirithi. Mwaka uliofuata redio ya Minnesota ikavunja uhusiano na Keillor kufuatia madai ya mwenendo usiofaa kazini, kipindi kikabadilishwa jina kuwa Live from Here, na mwaka wa 2020 kikazimwa. Wenye vituo hapa kwetu wanaijua vizuri hali hiyo: mtangazaji nyota akihama, wasikilizaji wanahama naye kama nyuki na malkia. Ziara ikijengwa juu ya nyota wa asubuhi wa Nairobi, itakufa siku mkataba wake utakapokwisha. Wasalimu hawakuwa na nyota. Watangazaji walikuja na kuondoka, na kadi ziliendelea kuletwa.

Ningeanza na mlango, basi. Kabla ya jukwaa, kabla ya bendi, meza moja mlangoni pa ukumbi wa Mama Grace, rundo la kadi tupu, kalamu zilizofungwa kwa uzi zisiibwe, na mtu wa kuwasaidia wasioona vizuri. Yangu iko tayari.

Mimi Mwana wa Mama Mboga, Manyatta, Kisumu, nawasalimu wafuatao: shangazi yangu pale Luanda asiyezima redio hata kanisani, kinyozi wa Kondele mwenye redio iliyofungwa na raba, wote wa steji ya Mbale isipokuwa yule aliyenirudishia chenji pungufu, na mzee mmoja wa Seme, popote alipo. Naye akizipata asizikalie, awaambie wa nyumbani wakae karibu na redio, na kwamba safari hii maikrofoni ya pili tumeiweka mguuni.